Ukihamia Berlin, anza na mtaa ule wanaokukataza

Kila mwaka, miezi miwili mitatu kabla muhula wa vyuo haujaanza, simu yangu hujaa ujumbe wa watu wanaokuja Berlin. Huyu kapata chuo, yule kapata kazi ya uuguzi, mwingine anamfuata mume. Wakishamaliza salamu, swali ni lile lile: "Kaka, mtaa gani salama?" Na wengi wanapouliza wameshapewa majibu na Mjerumani mmoja mwema, aghalabu mwalimu wa lugha au mtu wa ofisini. Prenzlauer Berg pazuri. Charlottenburg pazuri. Zehlendorf pametulia. Usikae Wedding, usikae Neukölln, huko kuna fujo.

Mimi huwaambia waanze na Wedding. Wakikosa, watafute Neukölln. Wakikosa kote huko ndipo tuongee mengine.

Huyo Mjerumani hadanganyi. Anachokiogopa kipo: baiskeli kuibiwa, walevi kituoni, msafara wa harusi unaopiga honi barabara nzima, shule ambayo nusu ya darasa wanaongea lugha nyingine nyumbani. Lakini usalama anaoupima ni wake. Hajawahi kupanda basi watu wakaacha mazungumzo yao. Hajawahi kusimama mlangoni kwake, funguo mkononi, akaulizwa na bibi wa ghorofa ya pili kama anamtafuta mtu. Hajawahi kukaa kwenye bustani ya kucheza watoto akahesabiwa kuwa ndiye mlezi wa kulipwa wa mtoto wake mwenyewe. Mambo hayo hayaingii kwenye takwimu za polisi, ila ndiyo yanayokuchosha ukifika Novemba.

Na sisi tunakuja na ugonjwa wetu kutoka nyumbani. Mtu wa Dar akisikia mtaa umetulia, una miti na magari yameegeshwa kwa mstari, kichwani anaona Masaki, anaona kafika. Akisikia maduka ya barabarani, vinyozi, watu wamesimama nje usiku, anaona Manzese, na hakupanda ndege kwenda kukaa Manzese. Basi analipa pesa nyingi kwa chumba kidogo sehemu ambayo kupata kinyozi anayejua nywele zake lazima avuke mji. Nimewaona wakihama mwaka wa pili. Wanahamia wapi? Wedding.

Wedding ni nini hasa? Kiutawala siku hizi ni sehemu ya wilaya ya Mitte, tangu wilaya za Berlin zilipounganishwa mwaka 2001 zikawa 12. Zamani ilikuwa ngome ya wafanyakazi wa viwandani, na mji ulipogawanywa ikaangukia upande wa Wafaransa. Uti wa mgongo wake ni Müllerstraße, barabara pana isiyo na uzuri wowote, na chini yake inapita treni ya U6. Hakuna mtalii anayeipiga picha. Lakini kwenye barabara hiyo na vichochoro vyake utapata muuza mboga wa Kituruki mwenye mchicha wa mafungu, bucha la halali, na maduka ya Waghana na Wakameruni yenye unga mweupe, mihogo, ndizi za kupika na samaki wakavu ambao harufu yao inakupokea kabla hujafungua mlango. Unga si kila mara ni ule tuliouzoea, ugali wake huwa laini kidogo. Ukizidisha mkono unakubali.

Ukipanda juu zaidi na U6, ukashuka kituo cha Rehberge au Afrikanische Straße, unaingia sehemu inayoitwa Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika. Wageni hudhani imeitwa hivyo kwa sababu Waafrika wanaishi pale. Kumbe mitaa ilianza kupewa majina hayo tangu mwisho wa karne ya 19, kujivunia makoloni. Kuna Togostraße na Kameruner Straße, kuna Kongostraße na Ugandastraße. Kuna Sansibarstraße, kuna Tangastraße, kuna Usambarastraße. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, alikuwa na mpango wa kufungua hapo jirani bustani ya maonyesho, wanyama na watu kutoka Afrika pamoja. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaukatiza. Majina yakabaki. Waafrika wenyewe wamekuja baadaye, kwa sababu zao, na leo ni wengi.

Hapo katikati ilikuwepo Petersallee. Aliyesoma historia ya darasa la sita Tanzania anamjua Carl Peters, yule wa mikataba ya Usagara na Uzigua mwaka 1884, ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakuu wa mji walitangaza kwamba kuanzia sasa jina hilo linamhusu Peters mwingine, Hans, mwanasiasa aliyewapinga Wanazi. Ujanja wa kubadilisha mtu bila kubadilisha kibao! Wanaharakati hawakukubali, mabishano yakaenda miaka, pingamizi za wakazi zikafuata, hadi Agosti 2024 barabara ikagawanywa vipande viwili: kimoja kinaitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na kingine kinaitwa Maji-Maji-Allee. Kabla ya hapo, Desemba 2022, uwanja wa jirani uliokuwa na jina la Nachtigal, mjumbe wa ukoloni wa Kijerumani, ulipewa jina la Manga Bell, mpinga ukoloni wa Kameruni, na Lüderitzstraße, yenye jina la mfanyabiashara mkoloni, ikawa ya Cornelius Fredericks, mpiganaji wa Namibia.

Naambiwa hayo hayahusiani na kuchagua nyumba. Kwangu yanahusiana. Najua Mngoni mmoja anayekaa karibu na hapo, na kila akienda ofisi ya posta kuchukua kifurushi, karani anasoma Maji-Maji-Allee kwa sauti bila kujua anataja nini, na yeye anasimama wima kidogo. Neukölln nako kuna mtaa ulioitwa kwa Wissmann, yule aliyemnyonga Bushiri bin Salim kule Pangani mwaka 1889. Tangu 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa jina la mbunge wetu wa Moshi, mwanamke wa kwanza Tanzania kushika wadhifa wa unaibu waziri. Mtaa hauwi salama kwa sababu ya kibao. Ila pale ambapo majirani wamebishana miaka mingi juu ya babu zako, uwepo wako si jambo la kushangaza.

Sasa uchafu wenyewe, maana nisipousema mtasema nauza kiwanja. Leopoldplatz, pale U6 na U9 zinapokutana, pana shida ya dawa za kulevya, na si siri. Utaona watu wanavuta crack kwenye ngazi za kituo mchana kweupe. Tangu Februari 2025 ni mojawapo ya sehemu tatu za kwanza za Berlin ambazo kubeba kisu kumepigwa marufuku, pamoja na Kottbusser Tor na Görlitzer Park, na polisi wanaruhusiwa kukusachi bila sababu maalumu. Kwa kijana mweusi hilo la mwisho lina maana yake, msidhani sijaliona. Ninachosema ni kwamba walevi wa Leopoldplatz wana shughuli zao, hawana habari na wewe. Mama mwenye mtoto wa kusukuma anapita hapo kila siku na hakuna anayemgusa. Kaa kituo kimoja au viwili mbele, Seestraße au Rehberge, na mambo hayo unayaona ukipita tu.

Kisha kuna jambo la ndege. Uwanja wa Tegel ulifungwa Novemba 2020. Kabla ya hapo, ukikaa karibu na Kurt-Schumacher-Platz ndege zilikuwa zinashuka juu ya paa hata unaona magurudumu, na mazungumzo yanasimama mpaka ipite. Kelele hizo ndizo zilizokuwa zinazuia kodi isipande. Sasa kumekuwa kimya, na hukohuko kuna mbuga ya Rehberge yenye nguruwe pori kwenye uzio na ziwa la Plötzensee la kuogelea kiangazi. Kule Neukölln tuliona sinema hii: uwanja wa Tempelhof ulipofungwa 2008, ukageuzwa uwanja wazi wa watu wote, nyumba za kandokando zikawa hazishikiki. Wajerumani wana msemo wa utani kwamba Wedding "inakuja", wameusema miaka na miaka bila kuja. Naona safari hii imekaribia, kwa hiyo anayetaka na awahi.

Kuhusu mashariki ya mbali. Marzahn na Hellersdorf kuna maghorofa makubwa ya zama za Ujerumani Mashariki, vyumba vina mwanga, kodi nafuu, reli ya S7 na U5 zinafika. Uchaguzi wa bunge wa Februari 2025, AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachopinga wahamiaji, kilikuwa cha kwanza huko. Wapo ndugu zetu wanaoishi kule vizuri kabisa, wana bustani, watoto wanasoma, na wakisikia nawatisha watu hukasirika. Wana haki ya kukasirika. Lakini mtu anayeshuka juzi, hajui lugha, hajui nani wa kumpigia simu, simpeleki huko peke yake. Aanze pale atakapopotea kwenye umati, akishajua Kijerumani cha kujibizana aende anakotaka.

Jambo ambalo watu wengi hawaulizi, na ningependa waulize kabla ya usalama, ni reli. Berlin ni kubwa mno. Kuna treni ya mzunguko, Ringbahn, inayozunguka katikati ya mji kwa muda wa saa moja hivi, S41 ikienda upande mmoja na S42 upande wa pili, na Wajerumani wanaugawa ulimwengu kati ya ndani ya duara na nje ya duara. Mgeni anashika hilo kama msahafu: lazima ndani. Si lazima. Kituo cha Afrikanische Straße kiko nje ya duara, na robo saa baadaye uko Friedrichstraße bila kubadilisha treni. Wakati huohuo yupo mtu anaishi ndani ya duara, anabadilisha mara mbili na kumalizia na basi, anatumia saa nzima kufika kazini. Bei ya tiketi haitofautiani, maana kanda A, ya ndani ya duara, na B, ya nje yake, zinauzwa pamoja, na ukiwa na Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo fungua ramani, tafuta mahali utakapokuwa asubuhi, ufuate mstari mmoja tu wa treni. Muuguzi wa Charité, hospitali kubwa ya chuo kikuu, aulize kwanza ni kampasi ipi: ile ya Virchow iko Wedding yenyewe, karibu na kituo cha Amrumer Straße, na ile ya Benjamin Franklin iko Steglitz, kusini kabisa. Zamu ya asubuhi inaanza alfajiri, saa ambayo treni iliyochelewa haina mbadala, na siku za kazi U-Bahn usiku hazitembei, ni mabasi. Anayesoma chuo kikuu cha ufundi, TU, akikaa jirani na Leopoldplatz anapanda U9 na dakika kama kumi yuko Zoologischer Garten. Anayesoma FU, chuo kikuu kingine kule Dahlem, hapo nakubali, Wedding ni mbali, atafute upande wa U3 au akubali kusoma vitabu vyake ndani ya treni.

Mwenye mtoto wa umri wa shule, simamisha ushauri wangu kidogo. Chekechea Berlin hazitozi ada, na hilo ni jambo kubwa, ila shule ya msingi mtoto hupangiwa kwa anwani. Zipo shule za Wedding zilizo nzuri na zipo zilizozidiwa, na wapo wazazi, Wajerumani na Waafrika, wanaohama mtoto akikaribia miaka sita. Nenda kaione shule kabla ya kuiona nyumba. Simama nje saa ya kutoka, sikiliza walimu wanavyoongea na wazazi wasiojua Kijerumani. Utajua.

Halafu jengo. Watu wanachagua mtaa vizuri kisha wanaangukia kwenye chumba kibaya. Majengo ya zamani ya Berlin yamejengwa kwa tabaka: jengo la mbele linatazama barabara, nyuma kuna ua, nyuma ya ua jengo jingine, pengine ua mwingine tena. Picha kwenye mtandao zimepigwa Juni. Wewe utaishi Desemba, jua linapochomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Chumba cha chini kwenye jengo la nyuma hakipati kitu katikati ya hapo. Nimeingia chumba kama hicho kumsalimia mtu adhuhuri, taa imewashwa, dirisha linatazama mapipa ya takataka matano ya rangi tofauti, na kijana wa watu kavaa koti ndani ya nyumba kwa sababu anaogopa bili ya joto. Alikuwa akilalamika kwamba Wajerumani hawana upendo. Tulimtafutia ghorofa ya nne, hata lifti haina, akaacha kulalamika, au tuseme akaanza kulalamikia ngazi.

Kodi wanaitangaza kwa namna mbili. Ile tupu ya nyumba, na ile yenye joto, maji, takataka na usafi wa ngazi. Hesabu yako iwe kwenye ya pili, na umeme uongeze mwenyewe. Amana haiwezi kuzidi kodi tupu ya miezi mitatu, ndivyo sheria inavyosema, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Kwa aliyezoea kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hapo Berlin ni rahimu. Haina huruma kwenye jikoni: nyumba nyingi unakabidhiwa bila jiko, bila sinki, waya zinaning'inia darini, na mpangaji anayeondoka anakuuzia makabati yake mabovu kwa bei ya harusi.

Nafasi yenyewe kuipata ndiyo vita. Siku ya kuonyeshwa nyumba utakuta foleni imeshuka ngazi hadi barabarani, kila mtu kakumbatia faili: hati za mshahara za miezi mitatu, karatasi ya Schufa inayoonyesha hudaiwi, nakala ya pasipoti, barua ya mwenye nyumba wa zamani. Wewe uliyekuja juzi huna Schufa ya maana wala mwenye nyumba wa zamani. Na jina lako linasomeka. Rafiki yangu aliwahi kupiga simu akaambiwa nyumba imeshachukuliwa. Mfanyakazi mwenzake mwenye jina la Kijerumani akapiga nusu saa baadaye, akakaribishwa kesho yake. Sheria ya mwaka 2006 inakataza, na kuthibitisha ni kazi nyingine. Ndiyo maana nawaambia wasiishie kwenye tovuti kubwa za matangazo. Waandikishe maombi kwa kampuni za nyumba zinazomilikiwa na mji, kama degewo, Gesobau na Howoge, ambako unapangwa kwa fomu. Mwenye kipato kidogo na kibali cha kukaa cha muda wa kutosha aombe pia ile hati ya nyumba za bei nafuu, WBS. Inachukua muda. Omba tu.

Mwanzoni, hata hivyo, wengi wetu tunaanza na chumba ndani ya nyumba ya mtu. Hapo usiulize mtaa kwanza, uliza hivi: nitaweza kufanya Anmeldung? Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia unatakiwa kujiandikisha ofisi ya wilaya, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na aliyekupa nyumba. Bila hiyo namba ya mlipakodi haiji, benki inakuzungusha, kibali cha kukaa kinakwama. Akikujibu kwamba chumba kipo lakini kujiandikisha haiwezekani, hata kama kiko Prenzlauer Berg kina balkoni na sakafu ya mbao, mshukuru, endelea mbele.

Na yule anayekuandikia kwa Kiingereza kitamu kwamba yuko safarini nje ya nchi, funguo atakutumia kwa posta ukishalipa amana, huyo hana nyumba Wedding wala popote. Muombe mtu aliyeko Berlin aende akagonge mlango huo. Niandikieni, nikiwa na nafasi naenda mwenyewe, mradi ni upande wa U6.